Majina ya Wanawake wa Dutumi

Mke wangu ni Mzaramo wa Marui, Kisarawe, na mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge, kwa hiyo alikuwa mtani wangu kabla hajawa mke wangu. Nalisema hili mapema ili anayesoma ajue kwamba nina ruhusa ya kumsema ninavyotaka. Anaitwa Sada Mwinyimadi. Ni afisa maendeleo ya jamii wa kata huko Msimbu, ana pikipiki ya ofisi ambayo huwaka ikijisikia, na ni mbishi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Nimeshindwa kujua kama niliupenda ubishi wake au nilimpenda yeye nikauvumilia ubishi, lakini siku nilipouona mara ya kwanza naikumbuka vizuri.

Tulisoma chuo kimoja cha maendeleo ya jamii, upande wa Mlandizi. Jina lake nitaliacha, maana wanaokiongoza leo ni watu wengine na hawana kosa. Siku hiyo somo lilikuwa ushirikishwaji wa wananchi. Mwalimu alikuwa anasoma karatasi zake na sisi tunaandika kila neno. Nadhani hata alipokohoa wapo walioandika. Sada akanyoosha mkono, akasema kwamba kijijini kwao mambo hayaendi hivyo alivyosoma mwalimu. Darasa zima likainamisha vichwa. Kwetu pale swali liliruhusiwa ikiwa ni la kumwomba mwalimu arudie. Mwalimu akamwambia akae, na yeye akauliza kama anatakiwa kukaa kwa sababu amekosea au kwa sababu ameuliza. Nikasema moyoni, huyu Mzaramo atatufukuzisha chuo.

Tulipojiunga, kila mwanafunzi alipewa kijitabu cha sheria ndogo za chuo. Sisi wanaume wa bweni la nyuma tulikitumia kupepea jiko la mkaa, na kwa kazi hiyo kilikuwa kizuri. Sada alikisoma. Alikisoma mpaka akawa anatutajia vifungu tukiwa kwenye foleni ya ubwabwa: kwamba mwanafunzi haitwi mbele ya kamati ya nidhamu kabla hajaambiwa kosa lake, kwamba ana haki ya kuja na mtu wa kukaa naye, kwamba shahidi akiletwa mwanafunzi anaweza kumwuliza maswali. Tukampachika jina la Wakili. Alilipenda, nadhani, ingawa alijifanya kununa.

Uwakili wake haukuishia kwenye foleni. Mwenzetu mmoja, Zawadi, alipoambiwa hatafanya mtihani kwa sababu hakutokea kufagia uwanja siku ya wageni, Sada alimshika mkono akaenda naye ofisini. Huko alisema kwa upole kabisa kwamba mtihani ni wa darasani na ufagio ni wa uwanjani, na kijitabu hakikuchanganya vitu hivyo popote. Zawadi alifanya mtihani. Lakini walimu wawili watatu walianza kumtazama Sada kwa jicho ambalo sisi wengine hatukupenda kutazamwa nalo.

Sasa nifike kwenye bomba la kijiji cha Dutumi, maana ndilo lililomfanya mke wangu awe huyu aliye leo.

Lilikuwa bomba la mkono, limejengwa na chuo kwa juhudi za mkuu wa chuo mwenyewe, Bwana Didas, na picha ya bomba hilo, wasichana wakichota maji huku wakicheka, ilitundikwa ukumbini karibu na saa. Lilikuwa zuri kwelikweli. Juu limeezekwa bati, chini sakafu ya saruji, na pembeni mabenchi ya matofali ili akina mama wakae kivulini wakisubiri zamu. Wageni wote waliokuja chuoni walipelekwa Dutumi, na kila walipopelekwa walikuta wasichana wakipampu maji huku wakicheka. Bwana Didas alilipenda bomba lile kwa dhati. Hakuwa mwizi wala mtu mbaya. Alikuwa amefanya jambo moja jema na hakutaka kusikia kwamba lina kasoro, na kubishana na mtu wa namna hiyo ni kazi kubwa kuliko kubishana na mwizi.

Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alitakiwa kufanya utafiti wake na kuuandika. Mimi nilichagua vikundi vya ufugaji wa kuku, kwa sababu nyumba niliyopanga ilikuwa na kuku. Sada akachagua matumizi ya bomba la Dutumi. Aliniambia alitegemea kuandika sifa tu, amalize mapema, arudi Marui kusaidia kuvuna korosho.

Alipofika alikuta jambo la ajabu. Wake za watu walikuwa wanapita nyuma ya nyumba na ndoo zao, wanashuka bondeni kwenye kisima cha zamani, maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Bomba liko pale juu, halifiki mwendo wa kuchosha mtu. Akawauliza majumbani kwao, waume zao wakiwa wamekaa hapo hapo, na wote wakamjibu kwamba wamezoea ladha ya maji ya bondeni. Jibu moja kwa nyumba zote. Sada akajua hapo hakuna jibu.

Ukweli aliupata jikoni. Kulikuwa na shughuli ya kumtoa mwali nje, na kwa vile ni Mzaramo mwenzao, wanawake walimvuta ndani akamenye muhogo. Mwanaume haingii huko, na ndani ya shughuli hiyo wanawake huongea wanavyotaka, mradi kila mmoja ajue kwamba yanayosemwa pale hayatoki na jina la mtu. Muhogo ukimenywa na vicheko vikiendelea, mmoja akamwambia: dada, lile si bomba, ile ni baraza.

Kumbe chuo kilipojenga kivuli na mabenchi, hakikufikiria kwamba kivuli chenye mabenchi katikati ya kijiji kile ni mahali pa wazee. Hata wiki haikupita, bao likahamia pale. Hakuna aliyewakaribisha wazee na hakuna ambaye angewaondoa. Na miongoni mwa wazee wale, kila mke wa mtu kijijini alikuwa na baba mkwe wake. Mkamwana wa kule hapiti mbele ya baba mkwe akiwa kichwa wazi, na khanga ya kichwa ndiyo hiyo hiyo iliyoviringwa kuwa kata ya ndoo. Akitaka kupita kwa heshima atue ndoo, ajifunike, apige goti, aamkie mzee mmoja baada ya mwingine. Halafu ndoo imejaa, nani wa kumtwisha? Baba mkwe hamtwishi mkamwana. Basi wakaona bora bondeni. Wale wasichana waliokuwa wanacheka kwenye picha walikuwa wajukuu, na mjukuu na babu yake ni watani, anapita atakavyo.

Wanawake walimwambia achukue jambo, aache majina. Hawakusema hivyo kwa madaha. Mke akisikika analalamika kwamba mkwe wake anamzuia maji, kesho kijiji kizima kitasema anamfukuza mzee barazani, na kuna aliyewahi kurudishwa kwao kwa maneno madogo kuliko hayo. Sada aliwaahidi.

Akarudi, akaandika. Aliandika kwa adabu kabisa, hakumlaumu mzee yeyote, na mwishoni akapendekeza mabenchi yahamishwe. Msimamizi wake, Mwalimu Bertha, mama wa Karagwe aliyekuwa mgumu wa alama kama ana kinyongo nazo, alimpa alama ya juu kuliko sisi wote. Mimi na kuku wangu tulipata ya wastani.

Ingeishia hapo, ila wageni wakubwa wa chuo walikuwa wanakuja kuamua kama watajenga mabomba mengine kama lile, na Bwana Didas akaomba asome utafiti wa mwanafunzi kuhusu bomba ili awasomee wageni. Akausoma. Wiki hiyo hiyo Sada akaitwa kamati ya nidhamu, kwa kosa la kubuni maelezo na kukidhalilisha chuo. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameulizwa, akasema wanawake wa Dutumi wanatumia bomba na wanashukuru. Kamati ikamwambia Sada jambo la kumaliza ni jepesi: ataje majina ya wanawake waliomwambia, waulizwe, wakikubali alama zake zibaki. Asipotaja, basi hawapo, amewatunga, na matokeo yake yatazuiwa. Hapo atakuwa hana stashahada, hana mahafali, na ile nafasi ya kazi aliyokwisha kuahidiwa kwenye halmashauri itakwenda kwa mwingine.

Sada alisema hawezi kutaja. Wakamwuliza mara ya pili, akarudia vilevile.

Mwalimu Bertha alimwita pembeni akamwomba amtajie yeye peke yake, mwanamke kwa mwanamke, ili apate la kusimamia. Sada alikataa hata hapo. Mwalimu Bertha alikasirika, na mimi simlaumu, maana mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha na mwenye kuuhuisha alikuwa Bwana Didas. Aliondoka bila kuaga. Sote tulijua kwamba akitaka kujiokoa, kinachotakiwa ni kushusha zile alama tu, na chuo kizima kilikuwa kinasubiri azishushe.

Matokeo yalipobandikwa, mbele ya jina la Sada palikuwa na mstari mtupu. Alifunga begi akarudi Marui kwa njia ya Mzenga. Nilimfuata baada ya siku chache kwa kisingizio cha kumpelekea ndoo yake aliyoisahau, na nikakuta nyumba ina msiba usio na maiti. Shangazi yake alikuwa amekwisha kununua sare za mahafali kwa ukoo mzima, vitenge vya zambarau, na watu walishavipeleka kwa fundi. Mzee Mwinyimadi, baba yake, alikuwa mkulima aliyesomesha mtoto kwa korosho na muhogo, na hakuwa na subira na mambo haya. Alimwuliza mwanawe mbele yangu wanawake wa Dutumi ni nini kwake. Si ndugu, si majirani, wala hawajui kama amefeli. Sada akajibu kwamba ndiyo maana hawezi kuwataja, kwa sababu hawapo hapa kumwomba asiwataje. Mzee alitoka nje akakaa kwenye shina la mkorosho lililokatwa mpaka jioni. Nilimhurumia yule baba, na nilimwona binti yake kuwa mkubwa kuliko chuo chetu chote.

Nilidhani atalia. Alilia kidogo, halafu akaniuliza kama kile kijitabu cha sheria bado ninacho au nimeshakichoma. Nilikuwa nacho, kimeungua pembe moja. Kilisema mwanafunzi asiyeridhika na kamati anaweza kukata rufaa kwenye bodi ya chuo, na kwamba matokeo ya utafiti uliopitishwa na msimamizi si kosa la nidhamu. Akaandika rufaa yake juu ya meza ya jikoni, mimi nikaipeleka.

Siku ya bodi tulikaa ukumbini, kwenye ile saa na ile picha. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Mzee Abdulaziz, mstaafu wa ualimu kutoka Kibaha Maili Moja, mtu wa maneno machache. Sada alitumia haki yake ya kuja na mtu, akanichagua mimi, pengine kwa sababu ya kile kijitabu. Baba yake naye alikuja, akagoma kuingia, akabaki barazani na kofia yake mkononi.

Mwalimu Bertha aliulizwa wa kwanza kama bado anasimamia alama zake. Alisimama akanyoosha gauni. "Nilimpa alama kwa alichokikuta," alisema. "Siwezi kumnyang'anya kwa sababu alichokikuta hakikutupendeza." Akakaa bila kumtazama Bwana Didas, na mimi nilitamani kumpigia makofi lakini nikakumbuka nilipo.

Kisha chuo kikaleta shahidi. Na hapa ndipo nilipoona kwamba mtu anaweza kuishi Pwani miaka mingi na bado akawa mgeni. Bwana Didas, mtu wa Moshi, alitaka mwanamke wa Dutumi aje aseme mwenyewe kwamba bomba linatumika. Wazo zuri. Akamwomba mwenyekiti wa kijiji, Mzee Salehe, amtafutie mmoja. Mzee Salehe, kwa nia njema kabisa, akaona heshima hiyo imwendee mtu wa nyumbani mwake, na akamleta mkamwana wake, mke wa mwanawe mkubwa. Akamleta yeye mwenyewe.

Yule mama aliingia amejifunika khanga mpaka machoni. Alipewa kiti mbele ya bodi. Mzee Salehe alikuwa amekaa upande wa kulia, na mama yule akakigeuza kiti taratibu mpaka akawa anatazama ukuta wa kushoto. Bwana Didas akamwuliza kama wanawake wa kijijini kwake wanachota maji bombani. Akaitikia kwa kichwa. Akaulizwa kama amewahi kumsikia mwanamke yeyote akilalamika. Akatikisa kichwa kukataa. Sauti yake hatukuisikia hata mara moja. Bwana Didas akashukuru, akakaa, na uso wake ulionyesha kwamba amemaliza.

Mzee Abdulaziz akamgeukia Sada akamwambia ana haki ya kumwuliza shahidi maswali.

Nilimwona Sada akimtazama yule mama mgongo. Nikafikiria kitu kimoja: je, huyu alikuwepo jikoni siku ile ya muhogo? Kama alikuwepo, swali moja tu lingetosha. Sada angeweza kusema, mama, si wewe uliyeniambia hivi na hivi? Hata kama angekataa, kutetemeka kwake kungeonekana. Stashahada ilikuwa pale, umbali wa swali, na mwanamke aliyeketi mbele yake alikuwa ametoka kumfanya mwongo mbele ya bodi. Mimi ningeuliza, nasema kweli.

Sada akasimama. "Sina swali kwa mama," alisema. "Naomba nimwulize babu aliyemleta, kama ataridhia."

Mzee Salehe akaridhia kwa kichwa. Sada akasogea, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Babu, mbona mama ameugeukia ukuta?"

Mzee akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha fahari. "Huyu mkwe wangu," alisema. "Hanitazami usoni, hapiti mbele yangu, hata sauti yake mie siijui vizuri. Nimepata mkwe mwenye adabu, alhamdulillahi."

"Mashallah babu, umepata. Na wengine pale kijijini, wako hivyo?"

"Wote. Kwetu hatuoi kwingine."

"Na nyie wazee mchana huwa mnakaa wapi?"

"Pale bombani. Chuo walitujengea pazuri, pana kivuli, pana mabenchi. Bao letu liko pale tangu asubuhi mpaka magharibi."

"Ahsante babu. Sina swali jingine."

Akarudi akakaa. Mzee Salehe mwenyewe hakuona tatizo, alikuwa anawatazama wajumbe kwa ukarimu, kama mtu aliyesifiwa nyumba yake. Mjumbe mmoja wa bodi, mama mtu mzima wa hapo hapo Mlandizi, aliinama akajifunika mdomo kwa mtandio, mabega yakimcheza. Bwana Didas alitazama ile picha ukutani, wale wasichana wanaocheka, akaitazama muda mrefu. Halafu akamwuliza Mzee Salehe, kwa sauti ya chini, kama wale waliopo pichani ni wakwe au wajukuu.

"Wajukuu," alijibu mzee. "Wakwe watapitaje pale?"

Nilimheshimu Bwana Didas siku ile kwa jambo moja: hakuuliza tena. Aliegemea kiti, akavua miwani, akasema bodi iamue.

Wajumbe walinong'onezana kidogo. Mzee Abdulaziz akasema matokeo ya mwanafunzi yaachiwe, utafiti wake ubaki kama ulivyo. Kisha akamgeukia Sada kwa sauti ya kirafiki. Alisema jambo sasa limeshakuwa wazi na hakuna atakayewaona wanawake wale kuwa waongo, basi ayataje majina hapo, kwa ajili ya jalada, wafunge shauri likiwa limekamilika. Yule mama wa kwenye kiti alikuwa bado ameutazama ukuta. Niliona vidole vyake vimekamata pindo la khanga.

Sada alisimama tena. Nilimvuta nguo, maana tulikuwa tumeshinda na nilitaka twende zetu. Hakunisikiliza.

"Mzee wangu, sikuwaahidi kwamba nitawaficha mpaka nishinde," alisema. "Niliwaahidi kwamba nitawaficha."

Mzee Abdulaziz alimtazama, akatabasamu kidogo, akafunga jalada kama lilivyo. Baadaye bodi iliongeza kifungu kwenye kile kijitabu, kwamba mwanafunzi hatalazimishwa kumtaja mtu aliyemhoji akiwa amemwahidi siri. Kipo mpaka leo, na wanafunzi wanaokitumia hawajui kilianzia kwa nani. Mwalimu Bertha alihuishiwa mkataba wake. Bwana Didas mwenyewe alikwenda Dutumi kuwajengea wazee banda jingine jirani na msikiti, zuri kuliko la kwanza, na bao likahama kwa hiari yake. Kwa hilo nampa haki yake.

Tulipotoka ukumbini Mzee Mwinyimadi alikuwa bado amesimama barazani na kofia yake. Alikuwa amesikia yote dirishani. Hakumpongeza mwanawe wala hakumkumbatia, Wazaramo wa umri wake hawana mambo hayo. Alichukua begi la Sada akalibeba yeye mpaka stendi, na kila nilipotaka kumpokea alilihamishia bega jingine. Vitenge vya zambarau vilivaliwa. Nami nilivaa kimoja, kwa kuwa tayari nilikuwa nimeanza kuonekana kama mtu wa ukoo.

Tumeoana sasa, tunaishi Msimbu, na nimeshazoea kwamba nyumbani kwangu hakuna jambo linalopita bila kuulizwa limetoka wapi. Mke wangu anaongea sana. Anaongea akipika, anaongea akipiga mswaki, na ukimpa nafasi atakusimulia ukoo wake mpaka kwa watu ambao hata baba yake hawajui. Lakini jambo moja sijawahi kulipata. Juzi tulikuwa tunachambua mchele, tumetulia, nikaona hali ni nzuri. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama yule mama aliyeugeukia ukuta alikuwepo jikoni siku ile. Nikamwambia mimi ni mumewe, miaka imepita, na mume hana wa kumwambia.

Aliendelea kutoa chuya. Hakukasirika.

"Hamidu," alisema, "siku nitakayokutajia wale, ujue na ya kwako nimeshaanza kuyatoa nje."

Nikashika ungo wangu, tukaendelea na mchele.